Nilitia deni yangu ya impo ku jina ya dada yangu

Kosa ni yangu. Niiseme mbele kabisa, juu najijua: mukiniacha nianze na kichekesho, tutacheka mupaka jua izame, na kosa mutakuwa mumeisahau. Hivyo njo nimeponea maisha yote. Lakini hii moja, wallahi, hata miye sijapata namna ya kuichekesha mupaka mwisho.

Miye ni fundi wa manjanja. Wengine munasema mabati. Hapa Kindu, kama mvua inanyesha na nyumba yako haivuji, pengine nilipanda juu yake miye. Kama inavuja, alipanda muntu mwingine!

Nilisoma mupaka ya tatu ya sekondari, kisha vita ikanitoa darasani. Kusema kweli sikulia sana ile siku, juu kesho yake tulikuwa na mutihani ya hesabu.

Siko na patron. Najitafutia kazi, najipimia, najibebea ngazi. Miaka mingi nilifanya hivyo bila karatasi hata moja. Mwenye nyumba ananilipa mukononi, tunaagana. Mumoja alinilipa na mbuzi. Mwingine alinilipa na radio yenye inashika posti moja tu, na ile posti inasema Kireno. Tuliisikiliza hivyohivyo.

Kisha ikafika proje moja ya kujenga mashule kwenye njia ya Kalima. Mukubwa wao akaniita, akaniambia: "Fundi, kazi yako tumeiona, tunaipenda. Utuletee patanti na numero ya impo. Siku tano."

Miye nikasema: "Hakuna shida, Patron." Nikatoka nje, nikakaa chini. Patanti, ile karatasi ya ruhusa ya kazi, sikuwa nayo. Numero ya impo, ile ya kulipia kodi, sikuwahi hata kuiota.

Mutaniuliza: kwa nini hukuenda ku biro kujiandikisha kama watu wengine? Ni swali nzuri. Muke wangu anaiulizaka kila mara, na sauti inapanda kila mara.

Niwaambie. Wakati wa vita, hapa muji ilikuwa imefungwa pande zote. Treni hakuna, chumvi hakuna. Maaskari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na kaye, daftari ya majina. Wakikuandika, kila juma unatoa kitu: mawese, kuku, franga. Na kama ni kijana ndiye ameandikwa, anatoa mugongo. Anabebeshwa muzigo, anaingia nao pori. Wengine walirudi. Wengine mama zao wanangoja mupaka leo.

Toka ile vita, nikiona muntu ameshika biki na ananiuliza "jina?", tumbo inanikata. Najua vita iliisha. Kichwa inajua. Tumbo bado haijapashwa habari.

Hata hapa, muone, sikuandika jina. Munaona ugonjwa?

Sasa, niko na dada mukubwa. Namuita Yaya, na hapa pia nitamuita Yaya. Ni mujane. Ana butiki yake kidogo ku soko, hapa mutaa wa Kasuku: chumvi, sabuni, samaki ya kukauka anaifuata mwenyewe Lokandu. Kifaransa hajui. Hakusoma, juu alitulea sisi. Lakini muniulize nani ku lile soko analipa patanti yake kila mwaka mbele ya watu wote. Ni yeye! Karatasi zake zote anaziweka ndani ya kopo ya maziwa, na ile kopo inalala karibu na kichwa chake.

Nikaenda kwake. Nilibeba mukate na sukari. Yaya akaangalia mukate, akaniangalia.

"Wewe hukuleteaka watu mukate. Nani amekufa?"

"Hakuna amekufa, Yaya. Nimepata kazi kubwa. Iko tu kidogo ya karatasi. Unisaidie na numero yako."

"Numero yangu? Miye nauzisha chumvi. Nitapanda juu ya nyumba?"

"Si kupanda. Ni jina tu. Kontra, ule mukataba, itasema jina yako, kazi nitafanya miye."

Akapangusa kopo na kitenge chake. Kisha akauliza ile swali. Naisikia mupaka leo.

"Na hii haitanirudilia?"

"Yaya! Miye nikuletee matatizo? Impo nitalipa miye mwenyewe. Njo jina tu, Yaya. Jina haiumi."

Akafungua kopo.

Ndugu zangu, ile proje ililipa vizuri! Nilifunika shule ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha wakaniongezea na nyumba ya kuzalia. Franga ilikuwa inapita ku banki kwa jina ya Yaya, tunaenda pamoja kuitoa, yeye anatia kidole, miye nabeba. Kila mara nilikuwa namukatia kidogo, naye ananiombea baraka barabarani mupaka naona haya.

Nikajitanua. Nikanunua pikipiki. Nikatoa majani juu ya nyumba yangu, nikatia manjanja ya buluu, yenye inaonekana mupaka ngambo ya muto Lualaba. Nikanunua kochi kubwa kupita nyumba, tukabomoa mulango juu iingie. Watu wakaanza kuniita Bwana Mukandarasi. Nikaanza kuitika.

Na impo? Nilisema nitalipa mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, nikasema tena mwezi ujao. Nilijua proje inapeleka majina ku biro ya impo. Walituambia siku ya kutia saini, tena mara mbili. Lakini nilijiambia: Leta, ile serikali, ina kazi nyingi, itaona wapi muntu mudogo kama miye?

Kumbe haikuniona miye, kweli. Ilimuona Yaya. Ilimuona mama wa chumvi mwenye anafunika mashule matatu na hajasema kitu.

Barua ya kwanza ilifika ku butiki. Yaya hakuifungua. Aliifunga ku kona ya kitenge, akakuja kwangu mbio, akakaa ku lile kochi.

"Soma, wewe uliyesoma."

Nikasoma. Kifaransa yangu ni kilema, inatembea na fimbo. Lakini kuna maneno hata mbuzi wa Kindu anayajua: kulipa, deni, siku. Yalikuwa pale yote matatu, na kashe nyekundu, muhuri ya Leta, chini.

"Wanasema nini?"

Hapa njo dakika yenyewe. Kama ningesema kweli pale, nisingekuwa na kitu cha kuandika leo. Pikipiki ilikuwa nje, ningeiuza asubuhi yake, tungemaliza. Nilifungua kinywa juu ya kusema kweli. Ikatoka hii:

"Wanakusalimia, Yaya."

"Leta inanisalimia miye?"

"Ee. Juu unalipaka patanti vizuri. Wanakushukuru."

Uso wake, ndugu yangu! Alikuwa kama bibi arusi. Akaichukua ile barua na mikono miwili. Na munajua aliipeleka wapi? Akaipigilia ku ukuta ya butiki, juu kabisa, juu ya makartoni ya sabuni, pahali muteja hawezi kusoma lakini kashe nyekundu anaiona. Kila muntu akiingia kununua chumvi anaambiwa: "Unaona ile? Leta imenishukuru."

Miye nikipita pale nilikuwa natazama viatu vyangu. Navijua sana vile viatu sasa.

Ya pili ikafika. Nikasema: "Ni ileile, Yaya, wanarudilia salamu." Akacheka: "Hawa watu wana adabu!" Ya tatu niliipokea mwenyewe, juu Yaya alikuwa ameenda Lokandu kufuata samaki. Nikaikunja, nikaitia ndani ya sanduku ya nyundo. Kila siku nilikuwa natoa nyundo na kuipita ile barua. Kila siku! Muntu anaweza kuzoea kitu yoyote.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Niko juu ya nyumba ya muteja, nyuma ya soko, napigilia manjanja. Kijana mumoja wa taksi ya pikipiki akasimama chini, anapiga honi.

"Bwana Mukandarasi! Shuka! Watu wa Leta wako kwa dada yako, wanafunga butiki!"

Sasa mutangoja niseme niliruka. Sikuruka. Nilimujibu: "Nakuja, namalizia hii manjanja." Nikaendelea kupigilia. Musumari kisha musumari, pahali panahitaji na pahali hapahitaji. Ile nyumba mupaka leo njo yenye misumari mingi hapa Kindu, hata kimbunga itaiomba ruhusa. Mwenye nyumba alifikiri namufanyia kazi ya upendo. Nilikuwa nimeogopa tu, muntu muzima wa miaka zaidi ya makumi ine, najificha juu ya nyumba ya watu mbele ya jua na kila muntu.

Nikashuka wakati kelele ya soko ilikuwa imetulia. Nilifikiri wameenda.

Watu wa Leta walikuwa wameenda, kweli. Ku kufuli ya Yaya kulikuwa karatasi nyeupe, imebandikwa na kutiwa kashe. Ukiipasula, ni gereza. Ndani kulikuwa mali yake yote, na samaki yenye alileta ile juma.

Yaya alikuwa amekaa nje juu ya beseni imegeuzwa. Watu wamemuzunguka. Na mbele yake kasimama Papa Butembo. Huyu ni muchuuzi mwenye alitoka kule Kivu ya Kaskazini, butiki yake inatazamana na ya Yaya. Wanauzisha chumvi ileile, sabuni ileile, na miaka kumi hawasalimiane vizuri juu ya bei. Yaya alikuwa amewaomba watu wa Leta wamuachie achukue kitu kimoja kabla ya kufunga. Alichukua ile barua ya ku ukuta, awaoneshe kwamba Leta inamujua. Hawakumusikiliza. Sasa Papa Butembo alikuwa nayo mukononi, anaisoma kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, na miwani yake imefungwa na kamba.

"Mama, hapa wanasema uko na deni. Hapa wanasema wanakupa siku nane. Hapa wanasema usipolipa, watafunga."

Yaya akaniona. Watu wakafungua njia. Nilitamani wasifungue.

Akasema, na sauti ya kawaida kabisa, ya kuombea maji:

"Mutoto wa mama, umefika. Kuja uangalie. Huyu anasoma vibaya, ao anasoma vizuri?"

Alikuwa ananipa mulango! Munaelewa? Mbele ya soko yote alikuwa tayari Papa Butembo awe muongo, miye nibaki mudogo wake mwenye alisoma. Ningesema "anasoma vibaya", angeniamini tena. Najua angeniamini.

Nikasema: "Anasoma vizuri, Yaya."

Muntu mumoja nyuma akacheka. Mama mumoja akasema: "Ee, Bwana Mukandarasi!" Na lile jina, lenye lilikuwa tamu, likaniunguza masikio. Yaya alikunja barua, akaifunga ku kona ya kitenge, akasimama, akageuza beseni, akaenda.

Kesho yake nikaenda ku biro ya impo. Pekee yangu, bila kuitwa. Tumbo ilikuwa inakata, nikaiambia leo utakata mupaka uchoke. Nikakuta mama mumoja mwenye kuhusika, nitamuita Mama Shefu, muntu wa heshima, na marundo ya dosie, mafaili ya watu, kushoto na kuume.

"Jina?" akauliza.

Nikalitaja, jina langu lote, na la baba. Mara ya kwanza toka utoto. Akatafuta. Akageuza kurasa. Akanitazama juu ya miwani.

"Papa, wewe hauko humu."

"Mama Shefu, deni ya yule mama wa soko ni yangu. Kazi nilifanya miye, franga nilikula miye. Mumutoe, mutie miye."

"Kontra inasema nani?"

"Dada yangu."

"Banki inasema nani?"

"Dada yangu."

Akaweka biki chini. "Papa, miaka yote niko hapa nawaona watu wanakimbia deni. Wewe njo wa kwanza unakuja kuiomba, na siwezi kukupa."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, juu njo ugonjwa wangu. Kisha nikajikuta machozi yanatoka na kicheko bado iko usoni. Mama Shefu akanyamazisha wale wengine. Akanielezea: deni na azabu ya kuchelewa, tunaweza kuikata vipandevipande, kila mwezi kipande. Lakini lazima Yaya akuje mwenyewe kutia kidole. Butiki itafunguliwa tukileta kipande ya kwanza. Na kipande ya kwanza njo ilikuwa kubwa kupita zote.

Nikamufuata Yaya, tukaenda naye ku biro. Akatia kidole. Tukarudi kwa miguu, juu pikipiki ilikuwa imeshauzwa ile asubuhi. Yeye mbele, miye nyuma.

Kuna kitu sijawaambia, juu naona haya. Wakati wa vita, siku maaskari walifika kwetu na kaye, nilikuwa na miaka kumi na sita. Walikuwa wanatafuta vijana. Yaya alinisukuma chini ya kitanda, akatupa mikeka na masufuria juu, akatoka nje. Wakamuuliza: "Mwanaume wa hii nyumba ni nani?" Akasema: "Hakuna. Muniandike miye." Wakamuandika. Mupaka vita ikaisha alikuwa anatoa kila juma, mawese yake, chumvi yake, hata vitenge vya arusi yake, ku ile jina moja kwenye ile kaye. Juu yangu.

Na miye, mwenye alilala chini ya ile kitanda, njo nilienda kumuambia jina haiumi.

Tukiwa tunarudi kutoka ku biro, karibu na soko, akasimama. Hakugeuka. Akasema:

"Wakati wa vita niliandikisha jina yangu juu yako, nilikubali. Ile siku uliniambia 'Yaya, naogopa'. Hii mara pia ungeniambia unaogopa. Ningekubali tena."

Kisha akaendelea kutembea.

Nikauza kochi. Tukabomoa mulango mara ya pili juu itoke. Haikutosha. Nikapanda juu ya nyumba yangu mwenyewe, na nyundo yangu mwenyewe, nikangoa yale manjanja ya buluu, moja moja, jirani wote wako chini wamekunja mikono kama ku mupira.

"Fundi, unaitengeneza ao unaibomoa?"

"Naipa hewa!" nikajibu.

Muke wangu alikuwa anazipokea chini na kuzipanga. Alisema kitu kimoja tu, wakati ya mwisho ilishuka: "Uangalie usianguke, bado uko na deni." Sasa fundi wa manjanja analala chini ya majani, na ikinyesha tunasogeza watoto kona kwa kona.

Butiki ikafunguliwa kisha juma tatu. Sitasahau ile harufu. Samaki yote ya Lokandu ilikuwa imeingia funza, chumvi imeyeyuka na mvua yenye ilipita ku paa yenye nilikuwa nimemuahidi kuitengeneza na sikuitengeneza. Nikasaidia kutoa. Yaya alisema "asante", kama unavyomuambia muntu wa kupita.

Kila mwezi nalipa kipande yangu. Kimebaki kidogo. Siku ya kulipa tunaenda pamoja, ananisalimia vizuri, anauliza watoto. Bugali ananipa. Muntu wa nje hawezi kujua kuna kitu.

Lakini mwezi jana nilikuwa nimekaa pale ku butiki yake, akafika muntu na barua. Nikanyoosha mukono, bila hata kufikiri. Yaya akaipokea, akaipitisha mbele ya pua yangu, akavuka barabara, akaenda kwa Papa Butembo. Kwa yule mwenye hawapatane! Nikawaona kule ngambo, yule anavaa miwani yake ya kamba, anasoma, Yaya anatikisa kichwa. Akarudi, akakaa. Nikauliza: "Wanasema nini?" Akasema: "Ni mambo yangu."

Ninyi munaojitafutia kazi, munaopimia watu nyumba, munaochimba, munaosuka, munaotengeneza mageneretari: kama kazi ni yako, uende uandikishe jina yako. Tumbo ikate! Uende na tumbo yako. Na ukipata franga ya kontra, utoe ya impo siku ileile, kabla hujaona kochi ya muntu ukaitamani. Na usiombe karatasi ya muntu mwenye anakupenda, juu huyo njo mwenye hataweza kukukatalia.

Na kama ulishaiomba, na barua zimeanza kufika, na wewe njo msomi wa jamaa: uende leo. Usinunue mukate. Usitafute kichekesho. Useme tu.

Atakutukana, na umushukuru Mungu akikutukana. Yaya wangu, toka ile siku mupaka leo, hajanitukana hata mara moja. Nangoja.